Hoja ya Mtini Mwitu

Athene, mwezi wa kukata shayiri, siku ya tatu tangu uandame

Kwa dada yangu Filinna, Keo,

Mji huu una maajabu matatu: hekalu la juu ya mwamba, meli za bandarini, na mimi. Hekalu lilichukua miaka kujengwa. Meli zimekusanywa kwa vita. Mimi nimekuja na viatu vya kuazima na mfuko wa tini kavu, na sijamaliza miezi miwili, tayari watu wakiniona wanapisha njia. Naapa kwa mbwa. Huku wenye akili wanaapa kwa mbwa, usishangae.

Wala sitii chumvi. Nikiingia kwenye ukumbi wa nguzo anapofundishia Mwalimu Lakrito, wanafunzi wote wanasogea. Wana wa matajiri, vichwa vinang'aa mafuta, wanajibana upande mmoja kama kondoo wanaoogopa mvua, mimi naachiwa benchi zima. Hiyo ndiyo heshima, dada. Mwalimu mwenyewe, mzee mwenye tumbo linalonguruma na mto wake wa kukalia kwapani, ananifuata mimi, anaketi karibu yangu, goti kwa goti. Mimi wa kisiwani Keo!

Kufundisha kwake ni kuuliza tu. "Ujasiri ni nini? Nani ameuona? Mwoga akikimbia mbele kwa kupotea njia, tumwite jasiri?" Mtu akijibu, anamwuliza tena, mpaka yule mtu anatamani angezaliwa bubu. Mimi nimeukamata ujuzi huo upesi sana. Juzi nimekwenda sokoni kuujaribu kwa mama mmoja muuza mikunga, wale samaki warefu kama nyoka.

"Mama," nikamwambia, "hawa mikunga ni wazuri?"

"Wazuri kuliko sura yako."

"Mtu hukiachia kizuri au kibaya?"

"Kibaya."

"Na wewe unataka kuwaachia. Basi ni wabaya!"

Watu wakacheka. Akaniangalia toka kichwani hadi vidoleni, akasema, "Kumbe ndiyo maana kwenu wamekuachia." Halafu akanichapa na mkunga. Hapo usimsomee Baba. Msomee mpaka pale watu walipocheka.

Nimefikia kwa Sostrato, yule mgeni wa Baba wa siku zote. Asubuhi namsaidia kidogo shughuli zake za ngozi, mchana nafanya hekima. Mwezi ujao ukiandama kila mwanafunzi atapewa zamu ya kusimama na kutoa hoja mbele ya watu. Athene yote inaingoja yangu, ingawa haijui.

Barua hii nimeiandika kwenye vibao vyetu vya nta. Ukishasoma futa, uandike jibu, umpe Nahodha Mirmeki.

Nduguyo mwenye sifa,
Pamfilo

*

Iuli, Keo, mwezi uleule, ukikaribia nusu

Kwa Pamfilo, ajabu la tatu,

Vibao vimefika na alama za vidole vyekundu kila pembe. Mirmeki habebi kitu kisigeuke chekundu. Udongo wa kuchorea meli umemwingia mpaka kwenye ndevu. Nimemsomea Baba mpaka pale watu walipocheka. Amecheka naye, akasema, "Mnasikia? Mwanangu amemshinda muuza samaki wa Athene!" Amemwambia kila apitaye njia, na mbuzi mmoja.

Ndugu yangu, Sostrato si mtengeneza ngozi? Zile zinazolowekwa kwenye mikojo? Halafu unajiuliza kwa nini watu wanakuachia benchi zima. Siongezi neno.

Sasa nisikilize bila mchezo. Baba ameanguka. Alikuwa anarudisha jiwe kwenye ukuta unaoshika udongo wa ngazi ya juu ya shamba, ukuta ukaporomoka, akaumia nyonga. Hajavunjika, lakini hasimami. Nimemlaza uani kwenye kivuli cha mtini, na kutoka pale anaona mitini ya ngazi ya juu tu, anaihesabu matawi kutwa. Sikukwambia mapema kwa sababu alinikataza. Alisema, "Usimvuruge akili, anajifunza."

Ami Ktesoni alikuja siku hiyohiyo. Hakuleta hata kitunguu. Akasema, "Kaka, kiwete na msichana hawawezi shamba. Niachie niingize mbuzi wangu." Walibishana mpaka sauti zikaisha, mwisho wakawekeana ahadi mbele ya madhabahu ya uani: tini za mwaka huu zikitosha kutulisha majira ya baridi, shamba linabaki letu na Ami hafungui mdomo tena. Zisipotosha, mbuzi wanaingia. Unawajua mbuzi wa Ami. Mtini ambao mbuzi ameula gome ni kuni.

Tini mwitu za mti wa Babu pale ukutani zinakaribia kuiva. Najua zamani ulikuwa unajificha ukiona ngazi ya kupandia inatolewa, kwa hiyo nikukumbushe kazi ilivyo: tunazichuma kabla visubi, wadudu wadogo waliomo ndani, hawajatoka, tunazitunga kwenye unyasi, tunazitundika kwenye matawi ya mitini yetu. Visubi wakitoka wanaingia kwenye tini changa, nazo zinashika. Mtini usipotundikiwa, tini zake zinaanguka mbichi. Siku zenyewe ni chache, na mitini ni mingi kuliko mikono yangu miwili.

Njoo, Pamfilo. Panda chombo cha Mirmeki, utundike, urudi zako ukawe ajabu. Hekima haitaoza kwa siku hizo.

Dadako,
Filinna

*

Athene, mwezi ukipungua

Kwa Baba yangu Timagora, kwa sauti ya Dada Filinna,

Baba, pole sana kwa nyonga. Nimesikitika mpaka nimeshindwa kula dengu, na Sostrato ni shahidi, alizila yeye.

Ningekuja mbio. Lakini nimeketi nikalitafakari jambo hili kwa njia ya kisomi, nikaona kuja kwangu hakuhitajiki, kwa sababu kutundika kwenyewe hakuhitajiki. Tumekuwa tukijichosha bure tangu enzi za Babu. Fuata hoja yangu polepole.

Kila kitu kina ubora wake. Ubora wa kisu ni kukata. Ubora wa farasi ni kukimbia. Ubora wa mtini ni nini? Kuzaa tini. Sasa, kisu kikali kinahitaji kuning'iniziwa kisu butu pembeni ndipo kikate? Farasi mwenye mbio anahitaji kufungiwa punda shingoni? Huoni, Baba? Na tini mwitu ni kitu gani? Haiuziki, hailiki, mbuzi wa Ami wenyewe wanaitema, na ukiipasua imejaa wadudu. Je, kibaya kinaweza kuzaa chema? Hakiwezi. Kinachoweza ni kuambukiza. Kwa hiyo tumekuwa tukiitia mitini yetu ugonjwa kila mwaka, halafu tunaushukuru ugonjwa kwa mavuno!

Nasonga mbele. Kama tini mwitu ni ubaya, basi mti wenyewe pale ukutani ni shina la ubaya, unakula maji ya mitini mingine na kuitia kivuli. Dawa ni shoka. Ukikatwa, mitini yote itabaki na ubora wake wenyewe, itazaa kama haijapata kuzaa, na Ami Ktesoni atameza ulimi wake.

Wala si maneno yangu mtoto. Mwalimu Lakrito mwenyewe, tukiwa benchi moja, amekubali hoja hii kuanzia kichwa hadi mkia.

Mwezi ukiandama ni zamu yangu ya kusema, na nitasema hayahaya mbele ya watu. Jina la shamba lako litatajwa Athene, Baba.

Mwanao,
Pamfilo

*

Iuli, Keo, siku ya mwisho ya mwezi

Kwa Pamfilo,

Nimefanya.

Baba alinisomesha barua yako mara tatu. Mara ya pili akaanza kulia, si kwa uchungu, kwa furaha, akawa anafuta pua kwa blanketi. "Wanaongea juu ya mitini yangu," anasema. "Wenye hekima wa Athene wameketi wanaongea juu ya mitini yangu."

Nikamwambia, "Baba, tini zitaanguka."

"Wewe unajua kuliko Mwalimu wa Athene?"

"Sijui kuliko mtu. Lakini kila mwaka tunatundika na kila mwaka zinashika."

"Na kila mwaka jogoo anawika na jua linachomoza," akasema. "Kwani jogoo ndiye anayelitoa?" Ona, umemwambukiza. Sasa na yeye anatoa hoja.

Nikaomba tutundike mwaka huu, tukate mwakani. Akakasirika. Akasema nimekuonea wivu tangu tukiwa wadogo, kwa sababu ulipelekwa kusoma. Hapo nikaenda kutafuta shoka, maana kidogo ni kweli.

Shoka letu ni butu. Ami Ktesoni alipopata habari alileta la kwake mwenyewe, limenolewa, anatabasamu kama mtu aliyealikwa harusini. "Mtii ndugu yako, binti yangu," aliniambia. "Elimu ni kitu kikubwa."

Jana jioni nilimwomba Baba anipe mpaka asubuhi. Leo asubuhi nimekata. Uliangukia nje ya ukuta, upande wa bonde. Baba alitaka nimwambie ulianguka vipi, nikamwambia ulianguka vizuri.

Filinna

*

Athene, mwezi mpya, siku ya pili

Kwa Dada Filinna, HARAKA,

Kama hujakata, usikate. Kama umeshika shoka, liweke chini. Kama Baba anakulazimisha, mwambie unaumwa tumbo, mwambie umeota ndoto mbaya, mwambie lolote.

Mwalimu amelitazama jambo lile upya, amebadili mawazo. Wenye hekima hubadili mawazo, ndiyo hekima yenyewe. Tundika. Tundika kila mtini, mpaka ule mdogo wa karibu na kisima.

Zamu yangu ya kusema imepita salama. Nitakusimulia siku nyingine.

Nimemwambia nduguye Mirmeki atweke matanga yote. Ameniambia tanga liko moja.

Pamfilo

*

Iuli, Keo, mwezi wa jua kali, ukipevuka

Kwa Pamfilo,

Barua yako ya haraka ilipishana na yangu majini. Mirmeki anasema alikuwa na yangu kifuani wakati nduguye, mwenye chombo cha pili, anapita na yako, wakapungiana mikono. Ilikuwa fupi mno ile barua. Nilidhani unaumwa.

Tini zimeanguka. Zilianza moja moja, nikazifagia kabla Baba hajaamka. Baadaye zikawa nyingi kuliko ufagio wangu. Mbichi, ngumu, ukubwa wa jicho la kondoo. Baba amelala pale uani anasikiliza. Tap. Kimya. Tap, tap. Juzi moja ilimwangukia kifuani, akaishika kutwa nzima mkononi kama anaipasha joto.

Ndipo akaniambia kwamba aliwahi kuliona jambo hili. Mwaka ule maadui walipokaa bondeni, yeye akiwa mtoto wa kuchunga, hakuna aliyethubutu kwenda kuchuma tini mwitu, na ngazi zote za shamba zikageuka kijani chini na tupu juu. Nikamwuliza, "Sasa mbona hukusema, Baba?" Akajibu, "Aliyesema alikuwa Mwalimu wa Athene. Mimi ni nani?"

Hakuna siku amekulaumu. Anamlaumu mzee wako. Amenikalisha chini, ameniambia niandike barua kwake, na wewe umfikishie mkononi. Ninaiandika hapa kama alivyoitamka:

"Kwa Lakrito, Athene. Mimi ni Timagora wa Keo, baba yake Pamfilo. Sijasoma. Nilikupa mwanangu, na kwa neno lako nikakupa na mtini aliopanda baba yangu. Mwanangu ni mtoto, alikuamini. Mimi ni mtu mzima, nilikuamini pia. Tini zangu ziko chini. Sikudai kitu. Nataka kujua jambo moja tu, ili nisife nalo: ulipolisema lile neno, ulikuwa unajua, au ulikuwa unadhani? Kwa sababu huku kwetu mtu akidhani, husema nadhani. Wasalimie watu wa nyumbani kwako. Kama una mitini, itundikie."

Hiyo ndiyo ya Baba. Hii inayofuata ni yangu, na yeye hajui kuwa ninaiandika. Anafikiri bado naandika salamu.

Usiku ule nilioomba kusubiri mpaka asubuhi, sikulala. Nilibeba ngazi nikachuma tini mwitu zote nilizofikia, nikazitunga, nikaenda kuzitundika kwenye ngazi ya chini ya shamba, ile asiyoiona Baba akiwa amelala. Nilianguka mara moja, nikapanda tena. Kulipopambazuka ndipo nikakata. Pamfilo, mitini ya chini imeshika. Yote. Leo asubuhi nimezibonyeza tini moja moja, zinaanza kulainika. Hazitajaza vikapu kama mwaka jana. Tukila kama panya, zinaweza kutuvusha. Ami anazunguka na fimbo yake anakagua ngazi ya juu na kucheka. Ya chini bado hajafika, maana magoti yanamsumbua kushuka. Wakati wa kuchuma itabidi mtu asimame mbele yake na kikapu mkononi, amwambie hizi hapa, zihesabu kwa tumbo lako. Mimi atanikatiza. Msichana hukatizwa.

Jambo jingine: shina la mti wa Babu limetoa machipukizi. Matano, mekundu kama masikio ya sungura.

Baba ananihimiza nikuulize Mwalimu atajibu nini. Mimi siulizi kitu.

Filinna

*

Athene, mwezi uleule, ukipungua

Kwa Baba, kwa sauti ya Filinna,

Dada, hii msomee yote. Safari hii usiruke neno, hata utakapocheka, hata utakapotaka kunihurumia. Hata pale nilipopigwa na mkunga, kama bado hujamwambia, mwambie sasa, ili twende sawa.

Baba, kwanza nikueleze siku ya zamu yangu. Mwezi uliandama, watu wakajaa ukumbini, na mimi nikasimama nikatoa hoja ya mtini mwitu, na kisu butu, na punda shingoni. Niliitoa vizuri. Watu walipiga makofi, na kijana mmoja mwenye marashi alisogea karibu kidogo. Ndipo Mwalimu Lakrito akajipapasa tumbo, akaanza.

"Tini mwitu ni mbaya?"

"Mbaya sana, Mwalimu. Hailiki."

"Hailiki na nani?"

"Na watu."

"Na mtini huila?"

Watu wakacheka kidogo. Nikasema hapana, mtini hauli.

"Basi hujaniambia bado kama ni mbaya kwa mtini. Umeniambia haifai kwa chakula chako cha jioni. Tuache hilo. Umewahi kuuona mtini usiotundikiwa, tangu majani mpaka mavuno?"

"Sijawahi."

"Nani amewahi?"

"Labda Baba yangu. Labda dada yangu."

"Wao walikuambia nini?"

Nikasema waliniambia kwamba zitaanguka.

"Uliwauliza wanajuaje?"

Baba, hapo nikasikia tumbo lake likinguruma. Nikatazama nguzo, nikatazama viatu vyangu, vile vya kuazima. Nikasema, "Sikuwauliza." Akatikisa kichwa, wala hakuwa na hasira, akasema, "Keti, Pamfilo. Umesema jambo moja la kweli leo, nalo ni hilo la mwisho." Nikaenda kuketi. Mchana huohuo nikaandika ile barua ya haraka.

Nilitarajia itafika kabla ya shoka. Ilipokuja ya Filinna, "Nimefanya", nilikwenda kwenye pipa la Sostrato nikakwangua ngozi mpaka usiku, na Sostrato akadhani nimepata akili.

Halafu ikaja barua yako kwa Mwalimu. Nilikaa nayo. Sitakudanganya, niliweka kidole gumba juu ya nta, na nta ilikuwa laini kwa joto, ingetosha kusugua mara moja tu. Nilikumbuka uliposema kama una mitini, itundikie. Mtu aliyepoteza tini zake anamwambia mwingine aziangalie za kwake. Nikaondoa kidole. Barua yako nairudisha bila kuifuta, utaona alama yake pembeni, hapo penye "Wasalimie". Ile nyekundu ni ya Mirmeki, ile nyingine ni yangu.

Nikampelekea. Macho yake hayaoni maandishi madogo, akaniambia, "Soma wewe." Mbele ya wote. Nikasoma. Pale uliposema "Nilikupa mwanangu, na kwa neno lako nikakupa na mtini", nilisoma mstari uleule mara tatu, yule kijana mwenye marashi akaniletea maji. Nikasoma mpaka mwisho.

Mwalimu akaniuliza, "Neno hilo nililisema siku gani?"

Nikavifunga vibao.

Akasema, "Ni barua bora kuliko zote nilizowahi kusomewa. Swali lake ni lile ninaloliuliza humu kila siku, ila yeye ameliuliza kwa maneno machache. Lakini imekosea mlango. Mpelekee aliyetoa ushauri, na yeye aijibu." Akachukua mto wake. Alipofika mlangoni akarudi, akaniambia nije nyumbani nikavune, na nikirudi majira ya baridi, benchi lipo. Nirudi na swali, siyo na hoja.

Nikamwuliza mbona yeye peke yake huketi karibu yangu. Akasema pua yake ilikufa kwa homa miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo, dada, ulikuwa sahihi kuhusu ngozi. Cheka, halafu endelea kusoma.

Baba, barua hii inatangulia na Mirmeki, mimi ninakuja na chombo kinachofuata. Nitapanda ngazi. Filinna anajua kwamba naogopa ngazi, sasa na wewe jua. Utashuka ukiwa mgongoni kwangu mpaka ngazi ya chini ya shamba. Kuna kitu Filinna alikificha kule, na utakapokiona usimkaripie, mshike mkono. Nitakaposimama mbele ya Ami Ktesoni na kikapu sitatoa hoja hata moja. Nitamtolea tini. Asiporidhika nitamwuliza maswali, na hapo atatamani angezaliwa bubu. Machipukizi matano tutayazungushia miiba mbuzi wasifike. Mwakani tutaomba tini mwitu ng'ambo ya bonde, na mwaka wa pili wake, na wa tatu, mpaka mti wa Babu uzae wenyewe. Mti utarudi. Tini zitashika. Nyonga itapona. Hata harufu hii, Sostrato anasema, hutoka kwa siki.

Sasa nijibu barua yako, maana mimi ndiye uliyeniandikia.

Uliuliza: ulikuwa unajua, au ulikuwa unadhani? Nilikuwa sijui, na wala sikuwa nadhani. Nilitaka kubaki kwa ajili ya zamu yangu, nikatafuta maneno ya kubakia, nikayapata mazuri. Nilijua kwa jina langu peke yake Filinna asingekata hata tawi. Ndipo nikatia jina la Mwalimu. Alikuwa ameketi palepale, goti kwa goti, mzee ambaye kazi yake duniani ni maswali, na ilikuwa inatosha nigeuze shingo. Sikumwuliza, Baba. Nilijua angeniambia nirudi nyumbani.

Mwanao,
Pamfilo